Risasi za Paa Langu

Mume wangu Ishmael Nyamongo aliharibu paa la nyumba yetu ili atengeneze risasi, na hakuwa na kitu cha kupiga kwa risasi hizo.

Nimeanza hapo makusudi. Watu wa Kenyenya wakiisimulia habari hii huanzia kwa nyati, hucheka, kisha hungoja waongezewe chai. Mimi nilikuwepo. Na kabla ya nyati kulikuwa na miaka mingi ya upuuzi, na aliyekuwa akiupikia upuuzi huo na kuufulia nguo ni mimi, Persis.

Bunduki yenyewe ilikuwa gobori la baba mkwe wangu, Mzee Ongeri, la kupakiwa kwa mdomoni. Mzee yule alikuwa mwindaji kweli. Wazungu walimpa kibali wakati nguruwe mwitu walipokuwa wakimaliza mahindi ya watu kule chini upande wa mpakani. Alikuwa akishuka bondeni alfajiri bila neno, mlio mmoja unasikika, halafu anarudi na kuomba uji. Alipofariki, serikali ikamwandikia kibali mwanawe mkubwa, na vifaa vyote vikaja nyumbani kwangu ndani ya gunia: pembe ya kuwekea baruti, kalibu ya chuma ya kusubia risasi, mdeki wa mti wa kushindilia, kikopo cha fataki za kuwashia baruti. Shabaha ya mzee haikuwemo ndani ya gunia.

Ishmael hakuwinda. Ishmael alisubu.

Kazi nyingine zote zilimshinda. Kupalilia kulimuumiza kiuno, majani ya chai yalimkwaruza vidole, na ng'ombe alidai hawampendi. Lakini kwenye kusubu risasi angekaa juu ya kigoda tangu umande haujakauka hadi kuku wanaporudi kulala. Alitia makaa kwenye jiko, akateleka sufuria yangu ndogo, ile niliyokuwa nikipikia watoto uji, akatumbukiza vipande vya madini ya risasi na kuvitazama vikilegea mpaka vikawa maji mazito ya kung'aa. Alidondoshea humo mafuta ya kondoo, moshi ukafuka, akaengua uchafu mweusi uliopanda juu. Kisha akaishika ile kalibu, iliyofanana na koleo lenye mashavu mawili, akaipasha kando ya makaa, akaifumba na kumimina kwa kijiko. Risasi za kwanza zilitoka na mikunjo kama uso wa bibi kizee, kwa sababu kalibu ilikuwa bado baridi. Hizo alizirudisha sufuriani. Zilizofuata zilitoka mviringo, laini, kila moja na kimkia mahali madini yalipoingilia. Alikikata kimkia kwa kisu, akaibingirisha risasi juu ya ubao, akaiinua kwenye jua na kufumba jicho moja.

"Hii ni ya chui," alikuwa akisema. "Na hii, unaona ilivyokamilika? Hii ni ya kiboko."

Kiboko alikuwa hajamwona hata kwenye picha. Nami napita na debe la maji kichwani, namtazama mtu mzima mwenye mke na watoto akipanga gololi zake ndani ya mikebe ya samaki. Mikebe ilijaa chini ya kitanda chetu. Nikitaka kufagia, ilibidi niisukume kwa mguu, na ilikuwa mizito kama mawe ya kusagia wimbi.

Baruti aliinunua kidogo kidogo kwa Mhindi mmoja mjini Kisii, akaja nayo nyumbani ameikumbatia kama mtoto mchanga. Lakini bunduki ikilia niliisikia mara moja tu, siku ya uhuru. Alitia baruti bila risasi, akasimama uwanjani mbele ya umati, akafyatua, akaanguka kwa matako. Watu walipiga makofi wakidhani ndivyo alivyopanga.

Madini ya kuyeyusha alianza kuyapata kwenye betri mbovu za malori. Betri zilipokwisha, alinunua kwa wachuuzi wa samaki vile vipande vinavyofungwa kwenye nyavu ili zizame. Navyo vilikwisha. Ndipo ilipokuja mvua ya Aprili.

"Baba Mokeira," nikamwambia, "nyumba inavuja." Mokeira ni binti yetu wa kwanza.

"Ni mvua kubwa," akasema.

"Mwaka jana ilinyesha kubwa kuliko hii."

"Basi mabati yamezeeka."

Mabati yale niliyanunua kwa pareto niliyochuma mwenyewe, na hayakuwa yamezeeka. Maji yaliingia kwa mistari iliyonyooka, kana kwamba mtu ameyapigia rula. Mvua ilipotulia nikaegemeza ngazi ukutani nikapanda. Najua mwanamke wa Kigusii hapandi juu ya nyumba ya mumewe. Nilipanda, na majirani walinyamaza kwenye migomba yao wakinitazama. Chini ya kichwa cha kila msumari wa bati hukaa kikofia cha madini ya risasi cha kuzuia maji. Vikofia vyote vya upande wa nyuma havikuwepo. Aling'oa misumari, akavichopoa, akairudisha misumari mitupu mahali pake.

Nilishuka nikamkuta kwenye kigoda.

"Umeyeyusha nyumba."

Hakuinua kichwa. "Risasi ya msumari ni safi, Mama Mokeira. Haina uchafu wa betri. Siku adui akija utanishukuru."

"Adui gani?"

"Yeyote."

Usiku ule watoto walilala wamejikunyata kwenye kona moja kavu, na adui hakuja.

Mtu pekee aliyemsifu Ishmael kwa kazi hii alikuwa Walter Ondieki. Walter alitoka Mosocho, akafungua duka sokoni Kenyenya, akanunua lori, na tangu hapo akawa anavaa tai hata akipima chumvi. Bunduki zote za dunia alizijua. Alikaa Nairobi mwaka mmoja, na ukimsikiliza ungedhani alikaa vitani. Jumapili alikuja kwetu, akakaa kwenye kiti changu kizuri, akachukua risasi moja, akairusharusha kiganjani.

"Ishmael," alisema, "hii ikimpata tembo hapa," akajigusa kati ya macho, "anakaa chini kama ng'ombe."

"Unaona?" Ishmael akanigeukia.

Niliona. Niliona wanaume wawili na mkebe wa samaki.

Sasa nyati.

Alikuja siku ya Sabato, mwezi wa Agosti, mwaka wa nne wa uhuru. Tulikuwa kanisani. Eucabeth hakuwepo. Huyu ni mke wa Joash, mdogo wake Ishmael, ambaye alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chai huko Kericho na kumwachia mkewe kila kitu. Eucabeth alizaliwa katika nyumba ya Wakatoliki. Alikubali kuolewa kwetu, ila Jumamosi yetu hakuikubali hata kidogo. Sisi tulipokuwa tukiimba, yeye alikuwa chini bondeni akichuma pareto.

Esnah, jirani yetu, ndiye aliyeingia kanisani mbio, kitambaa kimemtoka kichwani. "Nyati amemwangusha Eucabeth," alisema. "Yuko mtaroni. Analia."

Tulikimbia wote, na tulipofika ukingoni juu ya shamba tukaona. Nyati alikuwa dume mzee aliyevuka kutoka upande wa pili wa mpaka, na waya wa mtego ulikuwa umemzama kwenye mguu wa nyuma hadi mguu ukavimba kama kinu. Maumivu ndiyo yaliyomtia wazimu. Eucabeth alikuwa ameangukia ndani ya mtaro tuliochimba kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Mtaro ulikuwa mwembamba, pembe hazikuweza kuingia. Basi nyati aliinamisha kichwa, akachimba ukingo kwa pembe, akarudi nyuma akichechemea, akarudi tena. Kila alipochimba, udongo ulimwangukia Eucabeth, naye alipiga kelele.

Wanaume walikuwa wengi. Walikuwa na mapanga na mbwa na vijiti. Walisimama juu, wakapiga miluzi. Mbwa waliteremka kidogo, wakamtazama yule mnyama, wakapanda tena.

"Dada yetu angekuwa kanisani leo..." alianza Manasseh, mzee wa kanisa letu.

"Hayuko kanisani," nikamwambia. "Yuko mtaroni."

Mtu alikuwa ametumwa kwa baiskeli kwa chifu, chifu apige simu Kisii, Kisii iwaite askari wa wanyamapori. Hao wangefika kesho wakifanya haraka. Walter, na tai yake, alikuwa akitembea huku na huku akiwapanga watu mahali pa kusimama, na kila mahali alipowapanga palikuwa nyuma.

Kisha mtu mmoja akasema, "Ishmael ana bunduki."

Macho yote yakamgeukia. Nilimwona mume wangu akitafuta pa kuyaweka yake. Nilijua anachokifikiria: kwamba angejitia mgonjwa, au kibali kimekwisha muda, au baruti imelowa. Na kwa kuwa sote tulijua ana mikebe mingapi chini ya kitanda, hakupata njia. Akaenda nyumbani kuleta gobori. Alikawia sana. Aliporudi alikuwa amevaa kofia ya babake.

Manasseh akainua mkono. "Ndugu, tulifikirie hili. Kupakia bunduki ni kazi. Je, ni halali siku ya Sabato?"

Wakalifikiria. Eucabeth analia kule chini, na wazee wa kanisa wanalifikiria. Mmoja akakumbuka yule ng'ombe wa kwenye Biblia aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato na ikaruhusiwa atolewe. Wakakubaliana kwamba jambo hili linafanana. Basi Eucabeth akawa ng'ombe, na Ishmael akaruhusiwa kupakia.

Akapiga goti. Akamimina baruti kutoka kwenye pembe hadi kwenye kipimo, baruti nyingine ikamwagika majanini. Akaitia mdomoni mwa gobori. Akachomoa mfukoni kitambaa kilichopakwa mafuta, nikakitambua: kipande cha leso yangu niliyoitafuta tangu Krismasi. Akaifunga risasi kwa kitambaa, akaisukuma kwa kidole gumba, akachukua mdeki na kushindilia. Nakiri kwamba alishindilia vizuri. Mdeki ulishuka mpaka ukagonga, ukadunda, ukagonga tena. Kwa kitambo kidogo alifanana na mtu anayejua anachofanya.

"Tuombe," akasema Manasseh.

Wanaume wakavua kofia. Ishmael naye akauachia mdeki ulipo, ndani ya bunduki, akavua kofia ya babake.

Sala za Manasseh zina mwanzo tu. Aliombea kanda nzima. Aliombea mavuno, wasafiri, wajane, na wale walioko gizani, hapo akimaanisha Wakatoliki. Mimi sikufumba macho. Nilikuwa nikiangalia udongo ukiporomoka mtaroni. Alipofika amina, Ishmael akavaa kofia, akabandika fataki mahali pake, akainua gobori na kuanza kuteremka.

Kichwa cha mdeki kilikuwa kimechomoza mdomoni mwa bunduki kama kidole. Sote tulikiona. Sisi wanawake tulidhani bunduki ndivyo ilivyo. Lakini Walter, aliyezijua bunduki zote za dunia, alikuwa amesimama karibu naye kuliko mtu yeyote, na hakusema kitu.

Ishmael aliteremka mpaka kwenye mstari wa mwisho wa pareto. Nyati akainua kichwa. Gobori likalia.

Moshi ulikuwa mwingi kama mtu amechoma paa la nyasi. Kutoka ndani ya moshi mdeki ukaruka juu, ukazunguka hewani polepole kama mwiko uliotupwa, ukaenda kudumbukia kwenye migomba ya Esnah. Risasi ilikokwenda hakuna anayejua mpaka leo. Nyati hakupatwa na kitu. Alipiga chafya.

Nilipogeuka, ukingo mzima ulikuwa mtupu. Kofia zilikuwa chini, panga moja lilikuwa chini, na wanaume walikuwa juu ya miti. Sijawahi kuona mparachichi umezaa hivyo. Walter alikuwa juu kuliko wote, tai imenasa kwenye tawi, na kutoka kule kileleni akaanza kutoa amri.

"Ishmael! Kata kijiti! Shindilia tena!"

Nyati alikuwa ameuacha mtaro. Alikuwa akimtazama Ishmael, na Ishmael alikuwa amesimama na bomba tupu mkononi, bila mdeki, na hapakuwa na kijiti cha kukata mahali pale, ila pareto. Nilidhani atakimbia. Nilikuwa tayari nimeshamdharau kwa kukimbia. Akaweka gobori chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akatia mkono mfukoni, akatoa risasi zake, akaanza kumtupia nyati.

Alimtupia kwa mkono! Zile za chui na zile za kiboko, moja moja, kama mtu anayefukuza kuku kwenye wimbi lililoanikwa. Nyingi zilimkosa hata kwa mkono. Moja ikamgonga puani.

"Njoo!" alisema Ishmael, na sauti ilikuwa nyembamba kama ya msichana. "Njoo huku, we! Njoo!"

Nyati akamfuata. Ishmael akakimbia, si kwetu juu, bali kushuka, kuelekea mtoni, mbali na mtaro, kofia imemwanguka, magoti yakipanda juu kama ya mtu anayevuka matope. Na nyati nyuma yake akiruka kwa miguu mitatu.

Nikamshika Esnah mkono. "Twende."

Tuliingia mtaroni sisi wawili. Eucabeth alikuwa amefunikwa udongo mpaka kifuani, paja limevunjika, na macho yake yalikuwa makavu. Tulimfukua kwa mikono. Tukamlaza kwenye shuka langu, tukavuta. Alikuwa mzito, na kila tulipomvuta alinitukana kwa matusi ambayo sikujua kwamba Wakatoliki wanayo. Nilifurahi kuyasikia. Tulikuwa tumefika nusu ya kilima niliposikia kule mtoni kishindo kama gunia la mahindi lililotupwa kutoka kwenye lori, kisha kimya.

Wanaume walishuka mitini tulipokuwa tumeshafika juu. Walitupokea shuka kwa hatua za mwisho, wakipeana maagizo.

Ishmael walimkuta kwenye matete. Nyati alimfikia pale kwenye mawe ya kuvukia, akamrusha upande wa pili, kwenye tope, na kwa ule mguu mbovu hakuweza kumfuata huko. Mbavu zilivunjika, nyonga ikatoka mahali pake. Alikuwa hai, amejaa tope mpaka masikioni.

Walter alitoa lori kuwapeleka hospitali mjini Kisii, Ishmael na Eucabeth. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli. Tulipofika aliniambia pia, kabla hajaondoka, nitafute maji nimsafishie damu nyuma ya lori maana Jumatatu anabeba sukari. Nikamsafishia.

Siku ya pili nilikaa kando ya kitanda cha mume wangu. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu.

"Kwa nini hukukimbilia juu kama wenzako?" nikamuuliza.

Akafikiri sana. "Nilikuwa nimeshashuka," akasema. "Kupanda kilima ni kazi."

"Na kutupa risasi?"

"Ndizo zilizokuwa mfukoni, Mama Mokeira."

Mtu mwingine angepata pale maneno ya kuwaachia wajukuu. Yeye aliomba ageuzwe upande.

Askari wa wanyamapori walifika, wakampiga nyati risasi moja kwa bunduki ya kisasa, wakanywa chai, wakaondoka. Gobori lilichukuliwa na polisi, kwa kuwa bomba lilikuwa limevimba katikati kama nyoka aliyemeza panya. Nyama iligawanywa. Wale wa mitini walifika mapema na vikapu vikubwa. Manasseh alichukua paja, akaniletea kipande cha shingo kwa ajili ya mgonjwa. Walter alichukua pembe, akazitundika dukani juu ya mlango.

Ishmael aliporudi nyumbani alikuwa amepewa jina jipya. Walimwita Mdeki. Watoto walipiga kelele barabarani, "Mdeki, njoo huku, we!" kwa sauti nyembamba. Kwenye pombe za mazishi kulikuwa na watu waliojua kuiga alivyokimbia, magoti juu, na hao walipewa viti vizuri. Ishmael alilala akitazama dari.

Siku moja ya soko nilikwenda dukani kwa Walter kununua chumvi. Palikuwa na wageni wawili waliotoka Kisii, wafanyakazi wa ofisi, viatu vinang'aa, na Manasseh alikuwa amekaa juu ya gunia. Walter alikuwa chini ya pembe zake akiwasimulia. Hakuniona. Katika habari yake yeye ndiye aliyekuwa akiongoza watu. Mti haukuwepo. Alifika kwa Ishmael, akatia mkono mfukoni, akaanza kurusha mahindi moja moja mlangoni huku akiita kwa ile sauti, na wale wageni wakashikana mabega kwa kicheko. Manasseh alijifuta machozi kwa leso.

Punje moja ikaniangukia kifuani.

"Walter," nikasema, "waonyeshe na tawi."

Akageuka. "Ah, Mama Mokeira! Mgonjwa anaendeleaje?"

"Waonyeshe tawi ulilokuwa umelikalia. Waonyeshe ulivyoning'inia kwa tai. Hii habari umeianza katikati."

"Tunataniana tu, Mama. Mumeo mwenyewe ni rafiki yangu."

"Mume wangu ni mpumbavu," nikasema, na wale wageni wakaacha kucheka, hawakujua waangalie wapi. "Nani anajua hilo kunishinda? Aliharibu sufuria yangu. Aliyeyusha paa langu. Alikata leso yangu. Nimelala juu ya mikebe yake miaka yote hii, nimemdharau asubuhi na nimemdharau jioni, na kila dharau niliilipia kwa jasho langu. Ni haki yangu. Wewe umeilipia nini? Ulikuwa umesimama ubavuni kwake. Uliuona mdeki ndani ya bunduki?"

Walter akashika tai yake.

"Uliuona au hukuuona? Kama uliuona ukanyamaza, sema. Kama hukuelewa unachokiona, basi hapa ulipo hujui bunduki, unajua chumvi. Nipimie chumvi."

Manasseh akakohoa. "Dada Persis, hasira si..."

"Na wewe mzee, ule mdeki ulisahaulika ndani ya maombi yako. Uliwaombea wasafiri. Eucabeth alikuwa anafunikwa udongo, na wewe uko na wasafiri. Nenda kwake, yuko nyumbani, mguu umenyooshwa kwa ubao. Mwambie habari hii inachekesha. Akicheka, nami nitakuja hapa nicheke."

Mmoja wa wale wageni akatoka nje kujifanya anaangalia mvua. Walter akanipimia chumvi, akanizidishia kidogo. Nikakirudisha kile kilichozidi kwenye gunia lake kwa kiganja changu, nikatoka.

Jina la Mdeki halikufa. Watu ni wale wale. Lakini mbele yangu halikutajwa tena, na Walter akaishusha habari yake ikawa fupi.

Nilipofika nyumbani Ishmael alikuwa ameketi kitandani, mto nyuma ya mgongo, bakuli la uji magotini.

"Uji umepoa," akasema.

"Ulikuwa wa moto nilipokuachia."

"Sasa umepoa." Akaniangalia nikivua kitambaa. "Umetoka sokoni?"

"Nimetoka."

"Umemwona Walter?"

"Nimemwona. Anauza."

Akazungusha kijiko ndani ya bakuli. "Bado wananizungumzia huko?"

Ningemwambia nilichosema dukani, angevimba kichwa, na kesho asubuhi angekuwa akidai kigoda chake kipelekwe uani.

"Hakuna anayekuzungumzia," nikamwambia. Nikamnyang'anya lile bakuli nikaenda kumpashia uji.